KUCHAGUA MITUNGI YA HEWA KWA MASHUA ZA WAPIGA MBIZI

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi vyenye mashua za kukodi, na kuchapishwa hapa kwa faida ya vyama vyote vya pwani)



Zamani hesabu za mashua ya chama cha wavuvi zilikuwa rahisi: samaki, barafu, mafuta na matengenezo. Chama kinachoamua kukodisha mashua kwa wageni wanaokuja kupiga mbizi katika miamba ya Mnemba, Mafia, Watamu au Kisite huingia katika hesabu nyingine. Kompresa hununuliwa moja. Mashua huwa ipo tayari. Lakini mitungi hununuliwa kwa makumi, na hapo ndipo fedha za wanachama zinapoweza kupotea bila ya mtu kuiba hata senti moja. Tena hapo ndipo maisha ya mtu yanapoweza kupotea. Ni vizuri basi jambo hili lifikiriwe kabla ya mkutano mkuu kupiga kura ya manunuzi, wala si baada yake.

Kwanza neno lenyewe lisahihishwe. Watu wengi husema «mtungi wa oksijeni». Mtungi wa mpiga mbizi wa kawaida haujazwi oksijeni, hujazwa hewa hii hii ya uwanjani, ambayo ndani yake oksijeni ni sehemu 21 katika 100, ikiwa imechujwa na kukaushwa. Oksijeni tupu ni hatari kwa anayeivuta chini ya mita 6 za maji, kwani humtia kifafa, na mtu akipata kifafa chini ya maji huzama. Kwa hiyo katika barua ya kuagizia, katika daftari la bohari na katika kibandiko cha mtungi, neno liwe «hewa». Pia isifikiriwe kuwa mitungi hii ni ya kuvulia: kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zimekataza uvuvi wa mitungi, na chama kitakachochanganya kazi hizi mbili kitajitafutia balaa.

Tatizo la ununuzi wa ushirika ni kwamba anayenunua siye anayepumua. Mtu binafsi anayejinunulia mtungi atauvaa yeye mwenyewe, ataulea kama baiskeli yake, na akijidanganya amejidanganya yeye. Katika chama, mshika fedha huangalia bei, katibu huangalia tarehe ya kufika kwa mzigo, mgeni huupumua, na kijana wa kompresa ndiye anayesimama kando yake unapojazwa. Mitungi iliyopata kupasuka duniani, aghalabu imepasuka wakati wa kujazwa. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuulizwa maoni yake kuhusu manunuzi haya ni huyo kijana wa kompresa, na kwa kawaida ndiye ambaye haulizwi.

Hewa ndani ya mtungi hupimwa kwa bari. Bari 1 ni karibu sawa na mkandamizo wa hewa ya kawaida katika usawa wa bahari. Gurudumu la gari dogo hujazwa bari 2 na kitu, la lori bari 7 au 8; mtungi wa kupigia mbizi hujazwa bari 200 na zaidi. Asiyelijua hilo huuona mtungi kama dumu zuri la rangi ya manjano lililosimama pembeni.

Iko mitungi ya namna mbili: ya alumini na ya chuma. Wa alumini unaoonekana zaidi katika mashua za kukodi za nchi za joto, kuanzia Florida hadi pwani yetu hii, ni ule Wamarekani wanaouita «80», kwa maana ya futi za ujazo 80 za hewa. Jina hilo limezidisha. Ukijazwa hadi alama yake ya bari 207 huchukua futi 77.4, yaani karibu lita 2,190 za hewa. Nafasi iliyomo ndani yake ni lita 11 na kidogo. Mtupu una uzito wa kilo 14 na zaidi kidogo, na ukijaa hufikia kama kilo 17, maana hewa nayo ina uzito, na iliyobanwa humo hukaribia kilo 3. Wa chuma unaopendwa Ulaya ni wa lita 12, wenye alama ya bari 232.

Ukiuliza wauzaji, kila mmoja atausifu wake. Hesabu ndiyo iamue. Mtu mzima aliyetulia huvuta kiasi cha lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji. Kila mita 10 za kina huongeza bari 1, kwa hiyo katika mita 20, ambako mkandamizo ni bari 3, mtu huyo huyo hutumia lita 60 kwa dakika. Mtungi wa alumini wa lita 11 uliojazwa bari 200, baada ya kuacha akiba ya bari 50 ambayo haiguswi, humpa lita 1,650, nazo ni dakika 27 za kukaa chini. Mtungi wa chuma wa lita 12 uliojazwa bari 232, kwa akiba ile ile, humpa lita 2,184, nazo ni dakika 36. Tofauti hiyo ya dakika 9 ndiyo anayoiuza muuzaji wa chuma, na ni tofauti ya kweli.

Lakini ni ya kweli ikiwa mtungi umejazwa bari 232. Kompresa ya chama ikiwa imewekwa kusimama kwenye bari 200, au ikiwa kuukuu kiasi kwamba ikifika 200 hutoka jasho, mtungi ule wa chuma utatoa lita 1,800, yaani dakika 30 tu. Chama kitakuwa kimelipia dakika 9 na kupokea 3. Kwa hiyo kabla ya kuangalia orodha ya bei, mjumbe aende kwenye banda la kompresa, asome bamba lake, asubiri ijaze mitungi minne mfululizo, aangalie geji inasimama wapi. Na mitungi hiyo ipoe kwanza kabla ya kusomwa. Mtungi uliojazwa kwa haraka ukafika joto la digrii 45, ukatiwa katika maji ya digrii 27, hupoteza zaidi ya bari 10 bila ya kuvuja hata kidogo. Wageni wengi wamegombana na manahodha kwa sababu ya bari hizo 10.

Jambo la pili ni kuelea. Mtungi wa alumini ukijaa huzama, lakini hewa inapopungua hubadilika tabia: ukikaribia kuisha huelea kwa nguvu ya karibu kilo 2, ukawa kama unamvuta mpiga mbizi mgongoni kumpandisha, wakati ule ule ambapo anatakiwa atulie katika mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka. Dawa yake ni risasi. Kila anayevaa mtungi wa alumini huhitaji kilo 2 hivi za risasi zaidi ya yule wa chuma. Kwa mashua ya watu 10 hizo ni kilo 20 za kununua, kupanga na kubeba, na katika makisio mengi husahauliwa kabisa. Mtungi wa chuma wa lita 12 hata ukiisha hewa kwa kawaida hauelei, au huelea kwa shida.

Hapo mtu atasema: basi chuma ni bora. Katika maji ya baridi ya Ulaya Kaskazini ni bora kweli, maana huko watu huvaa nguo nene za mpira au nguo zisizoingiza maji, zote huelea sana, nao huhitaji risasi nyingi. Uzito wa mtungi wa chuma huwapunguzia mzigo huo. Katika bahari ya digrii 25 hadi 29 mgeni huvaa nguo ya milimita 3, pengine fulana tu. Mtu mwembamba aliyevaa fulana, akapewa mtungi mzito wa chuma, anaweza kuwa mzito mno hata bila ya risasi. Jaketi yake ya hewa ikipasuka hana cha kuvua isipokuwa mtungi wenyewe anaoupumua. Kwa hiyo uzito wa mtungi unasifiwa kwa haki mahali pake, na mahali pake ni maji ya baridi.

Jambo la tatu ni chumvi, nalo lina uzito kuliko yote kwa mali ya chama. Alumini ikiguswa na hewa hujifanyia ngozi nyembamba inayozuia kuliwa zaidi. Chuma hakina ngozi hiyo. Hulindwa kwa rangi au kwa kupakwa zinki, na sitaha ya mashua haina huruma kwa rangi. Mtungi ukikwaruzwa leo, kutu huanza kesho chini ya kile kiatu cha mpira ambacho hakuna anayekivua. Ndani ni hatari zaidi. Matone machache ya maji ya bahari yakiingia katika mtungi wa chuma uliojaa, hukutana na hewa iliyobanwa yenye oksijeni nyingi, na kutu hukimbia. Kutu hiyo huula mtungi, na pia hula oksijeni iliyomo, hata mtungi uliolazwa miezi mingi ukiwa na maji ndani unaweza kutoa hewa isiyomfaa mtu. Maji huingia kwa njia mbili: mgeni akivuta hewa mpaka mwisho chini ya maji, na kijana wa kompresa akifunga mpira wa kujazia bila ya kwanza kupuliza maji yaliyobaki mdomoni mwa valvu. Zote mbili hutokea katika mashua ya kukodi kuliko kwa mtu binafsi, kwa sababu mikono ni mingi.

Kwa hayo, chama cha pwani chenye kompresa ya kawaida, chenye wageni wa kila aina wanaoshuka mita 12 hadi 25, na ambacho mitungi yake huoshwa na watu watano tofauti kwa juma, hakina sababu ya kuacha mtungi wa alumini wa lita 11. Una mapungufu yake, lakini ni mapungufu yanayojulikana na yanayotibika kwa vipande vya risasi. Mapungufu ya chuma hutibika kwa uangalifu wa kila siku, na huo ni bidhaa adimu pale kitu kinapokuwa cha wote.

Haina maana kwamba mitungi yote ilingane kwa ujazo. Katika mashua ya kukodi kundi zima hutoka pamoja, na hutoka kwa saa ya yule anayemaliza hewa mapema. Mtu mwenye mwili mkubwa, au mwenye wasiwasi, anaweza kuvuta lita 27 kwa dakika pale mwenzake anapovuta 20. Akipewa mtungi wa lita 11, katika mita 20 atamaliza kwa dakika 20, na wenzake saba watamnung'unikia hadi ufukweni. Akipewa mtungi wa lita 15 hupata dakika 27 kama wao. Mitungi miwili ya namna hiyo katika mashua ni akiba ya busara. Ni ya chuma, na ikijaa hupita kilo 20, kwa hiyo iwe miwili hasa, ilindwe na mtu mmoja, wala isiwe sita. Kwa wageni wadogo wa mwili, na kwa vijana, upo mtungi wa alumini wa lita 9. Mwembamba akibebeshwa ule mkubwa huchoka kabla hajafika majini.

Kuhusu mashua yenyewe maneno ni machache, kwani manahodha wanaijua kazi yao. Watu 10 wanaoshuka mara mbili ni mitungi 20, yaani kilo 340 za chuma na hewa. Isimamishwe chini, katikati, karibu na mkuku, katika fremu yenye matundu, na ifungwe kwa mpira. Matundu yapimwe kabla ya kuagiza: wa alumini wa lita 11 una upana wa milimita 184, wa chuma wa lita 12 mrefu una 171, na ule mfupi una 203. Fundi wa mashua aliyekata matundu ya 190 atashangaa sana mzigo wa mitungi mifupi utakapofika. Tena wa alumini una kitako bapa na husimama wenyewe. Wa chuma mara nyingi una kitako cha mviringo, na bila ya kiatu hauwezi kusimama. Wakati wa kusi, mpiga mbizi katika mashua nyingi ndogo huvua mtungi angali majini, na mabaharia huupandisha kwa mikono kwa kushika shingo ya valvu. Anayenunua mitungi mizito akumbuke migongo hiyo.

Sasa yafikiwe mambo ya mitungi iliyokwisha kutumika, ambayo ndiyo yanayowashawishi wajumbe wengi. Mfanyabiashara huja na mzigo wa mitungi mchanganyiko, mingine imetoka Ulaya na mingine Marekani, kwa nusu ya bei ya mipya au chini ya hapo. Katika mkutano, nusu ya bei ni hoja inayopigiwa makofi. Iko mitungi mikuukuu iliyo mizima kabisa, na mtungi uliotunzwa vema huishi miaka mingi. Si kweli kwamba kila kuukuu ni kibovu. Lakini mzigo mchanganyiko una mitego mitatu ambayo haionekani kwa macho ya mjumbe.

Mtego mkubwa umo katika hesi za shingoni, pale valvu inapoingia. Mitungi ya Ulaya siku hizi aghalabu ina hesi ya M25 x 2, yaani ya milimita 25. Ya Marekani ina hesi ya robo tatu ya inchi, iandikwayo 3/4-14 NPSM. Kwa macho zinafanana. Valvu ya M25 huingia katika shingo ya robo tatu ya inchi, huzunguka, na fundi asiye mzoefu hudhani imekaza. Pengine hushika hata hewa ya kwanza. Shinikizo likipanda, zile hesi chache zilizoshikana hukatika, na valvu huruka kama risasi ya mzinga, ikimkuta aliyesimama mbele yake. Ajali za namna hii zimetokea katika nchi zenye mafundi wengi na vipimo vizuri. Chama ambacho mitungi yake yote ina hesi ya aina moja hakiwezi kufikwa na jambo hilo hata fundi akiwa mgeni. Chama chenye aina mbili hulitegemea jicho la mtu mmoja kila anapofunga valvu. Hii peke yake ni sababu tosha ya kuukataa mzigo mchanganyiko, hata ukitolewa kwa robo ya bei.

Mtego wa pili ni aloi. Mitungi mingi ya alumini ya miaka ya 1970 na 1980 ilitengenezwa kwa aloi iitwayo 6351, ambayo baadaye ilionekana kuwa baadhi yake hufanya nyufa shingoni kwa kukaa muda mrefu chini ya mzigo. Kampuni ya Luxfer huko Marekani iliiacha mwaka 1988 na kuhamia aloi 6061. Viwanda vingine viliendelea nayo kwa muda baada ya hapo. Mtungi wa zamani wa namna hiyo waweza kuwa salama, ila kuujua kunahitaji chombo maalumu cha umeme kinachotafuta nyufa, na mtu aliyefundishwa kukitumia. Chama kisicho na chombo hicho kiseme tu kwamba hakinunui mtungi wa alumini ambao muuzaji hawezi kuonyesha kwa maandishi kuwa ni wa 6061.

Mtego wa tatu ni tarehe. Nchini Marekani na Uingereza mtungi wa kupigia mbizi hupimwa kwa maji kila baada ya miaka 5, na katikati ya hapo hufunguliwa ukaangaliwa ndani kwa taa. Mashua za kukodi zilizo makini hufanya hivyo kila mwaka. Katika kupima, mtungi hujazwa maji na kusukumwa kupita kiwango chake cha kazi: ule wa bari 207 hufikishwa bari 345. Maji hutumika kwa sababu hayabanwi kama hewa, hivyo mtungi ukishindwa hupasuka bila ya kuua. Ukifaulu hugongwa tarehe begani. Mtungi wenye tarehe iliyopita haujazwi, na muuzaji asemaye «utapimwa tu ukifika» aulizwe: wapi, na kwa gharama ya nani?

Swali hilo la «wapi» lawahusu hata wanunuzi wa mitungi mipya. Kabla ya kutia sahihi, chama kijue mahali pa karibu penye mtambo wa kupimia kwa maji, na nauli ya kwenda na kurudi kwa mitungi 24. Kiongeze jambo ambalo wengi hulikumbuka wakati umekwisha kupita: mzigo mpya wote huwa na tarehe moja, kwa hiyo wote utakwisha muda kwa mwezi mmoja. Mitungi ikienda kupimwa mwezi wa Desemba, mashua italala msimu mzuri wa kaskazi. Ikipelekwa mwezi wa Aprili au Mei, wakati wa masika, hoteli nyingi zikiwa zimefunga, hakuna atakayehisi. Ipelekwe kwa mafungu, hata kama fungu la kwanza litaenda mwaka mmoja kabla ya lazima. Na katika barua ya kuagizia iandikwe kuwa tarehe ya kiwandani isiwe imepita miezi 6. Mtungi mpya uliolala miaka 2 katika ghala la muuzaji umekwisha kupoteza miaka 2 kati ya ile 5, ingawa plastiki yake haijavuliwa.

Valvu nazo ni za namna mbili. Katika moja, kipumulio hubanwa juu ya valvu kwa nira ya chuma. Katika nyingine, iitwayo DIN, huparafujwa ndani. Wageni wa Marekani huja na nira, Wajerumani wengi huja na DIN, na nahodha hawezi kumrudisha mtu hotelini kwa sababu ya parafujo. Iko valvu yenye kipande cha katikati kinachotolewa kwa ufunguo wake, ikakubali vipumulio vya aina zote mbili, hadi bari 232. Chama kiagize hiyo kwa mitungi yote. Pete ndogo za mpira za valvu ziagizwe mfuko mzima. Ni vitu vya bei ndogo sana, na kukosekana kwa pete moja baharini humfanya mgeni aliyelipa abaki ameketi juu ya sitaha akiangalia wenzake.

Baada ya hapo kazi ni ya mtunza bohari. Kila mtungi upewe mstari wake katika daftari: namba ya kiwandani, jina la kiwanda, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, ujazo, shinikizo la kazi, aina ya hesi, uzito uliogongwa begani kama upo, tarehe ya kupimwa kwa maji, tarehe ya kuangaliwa ndani. Uzito usidharauliwe. Mtungi wa chuma ambao uzito wake kwenye mizani umepungua sana kuliko ule uliogongwa begani umeliwa na kutu, na kipungufu hicho ndicho chuma kilichokuwa kinazuia hewa. Daftari hilo likae mahali kompresa ilipo, si katika kabati la katibu lenye kufuli, kwa kuwa anayelihitaji ni yule anayejaza.

Siku mzigo unapofika, wawepo watu watatu: mtunza bohari, kijana wa kompresa na mjumbe mmoja wa kamati. Mtungi mmoja mmoja usomwe begani kwa sauti na kuandikwa, uwekwe kwenye mizani, kiatu kivuliwe na kitako kitazamwe. Valvu mbili au tatu zifunguliwe na fundi kwa mfano, hesi ipimwe kwa geji yake, na taa ishushwe ndani. Dereva wa lori atakuwa na haraka, apewe chai. Mtungi ambao alama yake haisomeki, au ambao hesi yake ni tofauti na ya wenzake, urudi kwa lori lile lile lililouleta, na ikiwa iliagizwa 24 na mmoja umerudi, stakabadhi iandikwe 23.